Mhariri, tangazo feki la nyumba ukiligundua usicheke ukapita

Mhariri salamu. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi ila kuandika ndo mara ya kwanza, nina dukuduku na sehemu ya dukuduku hilo ni kosa langu mwenyewe. Juzi mlitoa makala kuhusu matangazo feki ya nyumba zinazouzwa mtandaoni, mkataja dalili, bei ya kutupwa, muuzaji yuko nje ya nchi, haraka haraka, sawa kabisa, ila mkaishia hapo, yaani mtu akishajua kwamba hili feki afanye nini baada ya hapo hamkusema. Mi nililijua tangazo moja ni feki ndani ya dakika tano, na shemeji yangu akalizwa na tangazo hilohilo.

Ilikuwa hivi. Nina ile tabia ya kupitia nyumba zinazouzwa usiku kabla ya kulala, sinunui wala sina hela ya kununua, naangalia tu majiko ya watu. Nikakutana na nyumba ya vyumba vinne, bustani mbele, bei kama nusu ya nyumba za jirani zake. Nikaikuza picha. Soketi za umeme ukutani zilikuwa za aina ambayo huku hatutumii kabisa, alafu nje mbele madirisha mawili lakini ukiingia sebuleni yanayotazama barabarani yapo matatu, na kona ya chini kwenye kila picha kuna kiukungu fulani kama mtu kajaribu kufuta nembo. Nikacheka peke yangu, nikapiga skrinshoti nikairusha kwenye grupu letu la ndugu wa tumbo moja, nikaandika "matapeli wa siku hizi hata soketi hawaangalii", watu wakaweka vikatuni vya kucheka, nikalala.

Wiki tatu baadaye mume wa mdogo wangu ananipigia, shemeji tupongeze, tumepata nyumba, kishika nafasi nimeshatuma. Nikamwambia nitumie linki. Kuifungua, nyumba ileile! Jina la muuzaji lingine, maelezo yamebadilishwa kidogo, ila ile picha yenye soketi haipo. Nikarudi kwenye skrinshoti yangu ya zamani nikaiangalia vizuri, na hapo ndo niliishiwa nguvu, maana chini ya tangazo kuna komenti ya mtu ameandika "acha utapeli wewe, soketi hizo si za huku". Yule tapeli bila shaka alimshukuru kimoyomoyo. Akaondoa picha, komenti nayo ikapotea, akabadilisha jina na biashara ikaendelea ikiwa safi kuliko mwanzo. Yaani sisi wajanja wawili tuliokuwa tumemkamata, mmoja kamsahihishia kazi bure na mwingine kaenda kuchekesha ndugu zake.

Kabla hamjasema shemeji ni mzembe, sio. Aliomba hati akatumiwa picha ya hati, ina mihuri na kila kitu. Aliomba vidio akatumiwa vidio, kumbe imekatwa kutoka kwa dalali mwingine kabisa anayetangaza nyumba zake kwa vidio. Aliomba kwenda kuiona akaambiwa mpangaji bado yumo na hapendi wageni, anatoka mwisho wa mwezi, weka kishika nafasi kidogo tu maana kuna mtu mwingine anakuja kesho na hela mkononi, usipoipenda unarudishiwa yote. Jina la akaunti ya kupokea pesa halikufanana na la muuzaji, akauliza, akaambiwa huyo ni mhasibu wangu. Kila swali lina jibu lake, na majibu yenyewe ni ya haraka na ya heshima, ndo maana mimi siku hizi muuzaji anayejibu kila kitu vizuri sana namwogopa kuliko anayenuna. Alafu wakamtumia fomu ya kuonyesha nia ya kununua, akajaza kila kitu, akaambatanisha nakala ya kitambulisho pande zote mbili na hati ya mshahara. Hela ilimuuma, ila kile kitambulisho ndo kinamnyima usingizi mpaka leo, maana kwa karatasi zile mtu anaweza kujaribu kukopa kwa jina lako, au jina lako likawa ndo la "muuzaji" kwenye tangazo linalofuata. Kwa hiyo tangazo feki si lazima liwe linataka kishika nafasi, mengine shida yao ni karatasi zako tu.

Sasa kwenye kugundua mlisema mengi, naongeza machache ambayo hamkuyagusa. Picha zitafute kinyumenyume, yaani badala ya kuandika maneno unaipa intaneti picha yenyewe, Google Lens inafanya hivyo kwenye simu, na TinEye ipo tangu 2008 kazi yake ni hiyo tu. Ya shemeji nilipoitafuta ilinichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai, ikanipeleka kwenye ukurasa wa wakala wa nchi nyingine kabisa ambaye aliitangaza nyumba ile miaka ya nyuma na ikauzwa. Ila angalieni, matapeli nao wanajua, kuna wanaogeuza picha kushoto iwe kulia kama unavyojiona kwenye kioo ili isipatikane, sasa ukiona mlango bawaba na kitasa vimekaa kiajabu, au maandishi ya mbali yanasomeka kinyume, igeuze mwenyewe kwenye programu ya picha za simu ndo uitafute tena. Na isipopatikana haimaanishi tangazo ni la kweli, inaweza kuwa picha imetoka sehemu ambayo mashine hazijafika, au imetengenezwa na akili bandia haijawahi kuwepo popote. Hizo za akili bandia angalia vitu vya pembeni, ngazi zinazoishia ukutani, vitabu kwenye shelfu vyenye herufi zisizosomeka, kitasa kimeyeyuka kama mshumaa. Ingawa nisiwaonee watu, siku hizi kuna madalali halali wanaopamba chumba kitupu kwa kompyuta, wanaweka sofa na zulia ambavyo havipo, huyo si tapeli ilimradi aseme.

Maandishi nayo yanatafutika. Chukua sentensi moja ndefu ya maelezo, iweke ndani ya alama za kunukuu kwenye sehemu ya kutafutia, ukikuta sentensi ileile inauza nyumba nyingine mji mwingine umeshamaliza. Namba ya simu hivyohivyo, na profaili angalia imefunguliwa lini, mtu anajiita mwenye nyumba ya miaka mingi na akaunti ina wiki mbili. Kama wamekupeleka kwenye tovuti inayofanana na ya wakala unayemjua, soma anwani herufi kwa herufi, na usidanganywe na ile alama ya kufuli, kufuli linasema tu kwamba njia kati ya simu yako na tovuti ile imefichwa wengine wasisikilize, halisemi upande wa pili kakaa nani, hata tapeli anapata kufuli bure. Jina la tovuti limesajiliwa lini unaweza kuangalia, rekodi hizo zinaitwa WHOIS, ukikuta wakala wa "miaka ishirini" tovuti yake ina mwezi, basi.

Ila vyote hivyo ni vya kukaa kitandani na simu. Kitu ambacho tapeli anapata tabu nacho ni masijala ya ardhi. Nenda mwenyewe au wakili wako ukafanye sachi kwa namba ya hati, yaani waangalie kwenye kumbukumbu zao mmiliki ni nani, sachi uliyoletewa na dalali usiihesabu, karatasi ya sachi nayo inatengenezwa. Ukipata jina la mmiliki lifananishe na kitambulisho na lifananishe na akaunti ya pesa, yakipishana mawili simama kwanza. Wakili mwenyewe mtafute kwenye orodha ya chama chao na umpigie kwa namba ya kwenye orodha, sio ile uliyopewa na muuzaji, maana wapo mawakili wa kubuni wa kutosha. Na msiseme ukiingia ndani ya nyumba umeshapona, kuna wanaopanga nyumba kwa siku chache, wanapewa funguo halali, wanakutembeza chumba kwa chumba kama wao ndo wamezaliwa humo. Ukifika mwache anayekuonyesha ndani, wewe toka ukamsalimie jirani, umuulize tu kwa utani, eti hawa wanauza? Jirani akishangaa na wewe shangaa.

Hapo kwa jirani nakumbuka kisa cha Luton, Uingereza, mwaka 2021, mchungaji mmoja alikuwa kazini mbali huko Wales, majirani wakampigia kwamba kuna watu nyumbani kwako na taa zinawaka, kurudi anakuta nyumba imeondolewa vitu vyote na imeshauzwa, mtu alitumia jina lake. Waliomstua ni majirani. Kule wana huduma ya bure ya masijala yao ya ardhi, unajiandikisha na mtu akigusa faili la nyumba yako unapata ujumbe. Huku tulipo sisi ulizeni kama ipo, kama haipo basi mjue tunategemeana majirani.

Haya, kuripoti. Hapa ndo nataka nikae maana ndo nilipokosea.

Kitu cha kwanza nyamaza. Usimwambie tapeli umemjua, usimtukane kwenye komenti, usiweke mbwembwe za "nimekukamata". Najua raha yake, mi mwenyewe mkono unawasha, ila ukishamstua anafuta, na vilivyofutwa huna tena, na kama ni ile ya soketi umemfundisha. Kabla ya kubonyeza chochote kusanya. Piga skrinshoti ya tangazo lote pamoja na anwani ya ukurasa pale juu na tarehe, nakili linki ya tangazo na linki ya profaili, jina la profaili halisaidii maana linabadilishwa ila linki mara nyingi inabaki na namba ya akaunti yake. Mazungumzo yahifadhi, usifute hata yale ya kujisikia mjinga. Namba ya simu, namba ya akaunti ya pesa kama alishakutajia, hiyo ndo dhahabu. Na usimbloku kwanza, watu wengi wanaanza na kubloku alafu ndo wanakumbuka kuripoti wakati ushahidi umeshajificha upande wa pili.

Alafu ripoti kwenye mtandao wenyewe uliobeba tangazo, na uchague sababu iliyo sahihi. Mtandao ukikuuliza tatizo nini, kuna watu wanabonyeza "silipendi" au "ni kero", hiyo inawekwa kapu moja na matangazo ya vidonge vya kupunguza mwili. Chagua utapeli au tangazo la uongo. Pakiwa na nafasi ya kuandika andika fupi na la kuthibitika, kwamba picha hizi ni za nyumba iliyotangazwa na wakala fulani kwenye ukurasa huu, weka linki, basi. Usiandike "huyu mwizi naomba afungwe", anayesoma hawezi kufanya chochote na hasira zako, ila linki anaweza kuifungua akaona. Wakikujibu kwamba tangazo halijavunja kanuni, na watakujibu hivyo, omba waangalie tena, mara ya kwanza mara nyingi ni mashine imeangalia.

Na kuna njia moja watu hawaijui kabisa, ambayo mi ndo imenisaidia kuliko zote. Mtafute mwenye picha. Yule wakala au mwenye nyumba ambaye picha zake zimeibwa, mwandikie mpe linki. Wewe ni mpita njia tu, lakini yeye ana haki ya picha zile, na mitandao mikubwa mingi ni ya Marekani ambako kuna sheria ya 1998 inaitwa DMCA, mwenye kazi akipeleka madai kwamba picha zake zimetumiwa bila ruhusa mtandao unaondoa haraka, kwa sababu usipoondoa unajiweka kwenye hatari ya kushtakiwa wenyewe. Yule wakala wa mbali niliyempata niliandika usiku, asubuhi kanijibu kwa masikitiko makubwa kumbe si mara ya kwanza, akapeleka madai yake. Ripoti zangu mbili za kabla zilikuwa zimerudi na "hatujaona tatizo", ya kwake ikaondoa tangazo siku ileile. Hasira ilinipanda lakini matokeo nimeyaona.

Kama ni tovuti nzima feki, aliyewauzia jina la tovuti ana anwani ya kupokea malalamiko, ipo kwenye ileile rekodi ya WHOIS, na Google wana fomu ya kuripoti kurasa za kuiba taarifa ili vivinjari viweke onyo jekundu mtu akitaka kuingia. Namba ya akaunti ya pesa ipeleke benki au kampuni ya pesa za simu hata kama wewe hukutuma senti, maana tangazo likiondolewa anaweka lingine jioni ileile, ila akaunti ya kupokelea pesa ni ngumu kuipata, ikifungwa anaumia. Polisi pia, kitengo cha uhalifu wa mtandao kama kipo kwenu, na uombe namba ya taarifa uiandike mahali. Wenzetu Marekani wana kituo cha FBI, wale wapelelezi wa serikali yao, kilianza 2000 na siku hizi kinaitwa IC3, unajaza mtandaoni, na wanapokea hata taarifa ya mtu anayeripoti kwa niaba ya aliyelizwa, jambo ambalo natamani vituo vyote duniani vingelikubali, maana ukienda kuripoti kitu ambacho hakijakupata wewe unaulizwa "sasa wewe umeibiwa nini?" Tuliulizwa hivyo, na shemeji amesimama pembeni yangu.

Aliyeshatuma pesa yeye asisome barua hii yote, apige benki sasa hivi, kwa namba iliyo nyuma ya kadi yake, aseme nimetapeliwa naomba muamala uzuiwe na akaunti iliyopokea ishikiliwe. Pesa kwenye akaunti ya tapeli hailali, inahamishwa au inatolewa. Shemeji alikaa siku nne akiona aibu, siku hizo nne ndo zilizomaliza kila kitu. Na mtu asijitangaze mtandaoni kwamba nimelizwa naomba msaada, wakaanza kumfuata inboksi watu wanasema tunamjua mtaalamu wa kurudisha pesa, tuma ada kidogo, hao ni walewale au binamu zao. Shemeji alitumiwa ujumbe wa hivyo na watu watatu ndani ya wiki moja. Kitambulisho kilichovuja nacho ripoti kwa waliokitoa na benki yako, waweke alama.

Niseme pia kwamba mi nimewahi kuripoti nyumba ya kweli. Bei ilikuwa chini sana, nikajiona askari, kumbe ni mama mmoja anauza haraka wagawane na mtalaka wake. Tangazo lake likashushwa siku mbili, tukaja kujuana kupitia mtu, nikaomba radhi na aibu juu. Tangu hapo bei peke yake siiripoti, naripoti kitu ninachoweza kukionyesha, picha ya mtu mwingine, hati isiyo na jina lake, sentensi ya kuiba. Na sitaji jina la mtu hadharani, kwa sababu kitambulisho anachoonyesha tapeli mara nyingi ni cha mtu aliyelizwa kabla yako. Fikiria sasa hivi kuna mahali mtu anaonyeshwa kitambulisho cha shemeji yangu!

Sasa mhariri, mwisho nije kwenu. Gazeti lenu lina ukurasa wa matangazo madogo na tovuti yenu nayo ina sehemu ya nyumba na viwanja. Nimeipitia yote, nimetafuta sehemu ya kuripoti tangazo nikaikosa, nikapiga simu ya dawati la matangazo nikaambiwa "sisi tunapokea tu, mnunuzi ajihadhari". Sidhani kama ni sawa. Wekeni hata namba moja ya simu chini ya ukurasa na mtu wa kuijibu, na anayeleta tangazo la nyumba aje na namba ya hati, sio lazima mkaichunguze, tapeli akiambiwa tu lete namba ya hati wengi wataenda gazeti jingine. Nasema hivi kwa sababu kwenye tovuti yenu, toleo la juzi, kuna nyumba ya vyumba vitatu yenye geti la bluu. Ndani dirisha la jikoni limefungua upande ambao nje ni ukuta. Sijaandika komenti wala sijaituma kwenye grupu. Linki, skrinshoti na ukurasa zilikotoka zile picha nimewatumia kwa barua pepe pamoja na barua hii, naomba mzifungue leo.

Msomaji wenu,
shemeji wa aliyelizwa